Siku ya Mboni Iliyofutwa

Mji mmoja niliopita, kumbukumbu za mtu hukaa kwenye utepe nyuma ya sikio. Ukishasoma ya zamani, sharti uubonyeze kwanza ndipo upokee jipya. La sivyo jipya hukaa juu ya ulichokuwa ukisoma na kukifuta. Shekiango alikuwa akisoma siku aliyozaliwa bintiye Mboni, shemeji yake alipovunja mlango na kumpasua kichwa kwa shoka. Hakuwahi kubonyeza.

Alipopona, Mboni akamwamkia. Shekiango akamkaba koo. "Ndiye huyu aliyenipasua!"

"Mwache, baba Mboni! Ni mwanao huyo!" Mkewe alimpiga kwa mchi mpaka akaachia.

Siku hizi mama humfunga mumewe mikono kwanza, ndipo humwita mtoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," hujibu Shekiango kwa upole, vidole vikitafuta fundo la kamba. "Sogea karibu, mwanangu."