Nyumba ya Shujaa

Shujaa namjua kwa kumtupia jicho mara moja. Huyu wa mtaani kwetu alinichukua miaka thelathini tu.

Uhuru ulipokuja, kila aliyewahi kuchelewa kazini alidai alikuwa anawapinga wakoloni. Idadi ya mashujaa ikapanda kila mwaka, ingawa mapambano yalikuwa yamekwisha.

Serikali, kwa haraka zake tunazozijua, ikangoja miaka thelathini ndipo ikatoa nyumba. Moja. Apewe mfungwa wa mwisho aliye hai wa ile jela kuukuu. Wakajitokeza wawili. Wa kwanza Mzee Pingu, mwenye koti na nishani, ambaye hotuba zake zote zilianzia kwenye pingu. Wa pili mfagiaji wa jela hiyo hiyo: uhuru ulimtoa ndani baada ya miaka saba ya kifungo, ukampa ufagio wa uani. Yeye na mkewe mgonjwa walilala stoo.

Ofisa akawapeleka jelani na fomu yake.

"Vyumba vilikuwa vingapi?"

"Kumi na viwili," alijibu Mzee Pingu. "Cha tano kinavuja. Uji saa moja asubuhi, kuhesabiwa saa kumi na mbili jioni."

"Na wewe, babu?"

"Mimi nakijua kimoja," alisema mfagiaji.

"Kimoja? Miaka saba yote?"

"Ndicho nilichokuwemo, mwanangu."

Mzee Pingu akacheka. "Huyu kumbukumbu kazifagia pamoja na majani."

Ofisa akaandika. Aliandika nini, hata mtoto wa darasa la kwanza angejua.

Kilichobaki ni kutazama chumba kimoja kwa ndani. Ofisa akahangaika na kitasa chenye kutu, pete ya funguo mkononi: ufunguo wa kwanza, wa pili, wa sita. Jasho likamtiririka.

"Lete hapa, kijana, utatuzeesha." Mzee Pingu akaipokea pete, akapapasa bila kuitazama, akashika ufunguo mmoja. Akagonga nondo mara tatu, akauinua mlango kidogo kwa goti, akazungusha. Mlango ukafunguka kwa adabu zote.

Nyuma yao ufagio ulianguka. Mfagiaji alikuwa amechuchumaa, uso ukutani, mikono kichwani.

Ofisa akamtazama yule, akamtazama huyu, akazitazama funguo.

"Baba," akasema taratibu, "kumbe enzi zile funguo mlikuwa mnakaa nazo nyinyi wafungwa?"