Habari za Nasoro

Siku hizo kila mtu alikuwa na habari zake peke yake. Hata mke na mume waliolala kitanda kimoja hawakuamka na gazeti moja. Simu ilijua mwenye nayo hukawilia kwenye habari zipi, ikamletea hizo hizo. Ukurasa wa marehemu nao haukufungwa, mradi kuna mtu anaufungua.

Basi kila asubuhi Bi Stumai alimimina chai, akafungua simu ya marehemu mumewe, Nasoro, akasoma habari za ngumi. Nani kampiga nani, na raundi ya ngapi. Hakuwahi kupenda ngumi, lakini alizisoma kwa sauti, polepole, kama Nasoro alivyokuwa akimsomea.

Jumanne alijisahau. Ilipita habari ya kanga mpya, akaitazama, akairudia.

Kesho yake zilikuja kanga tupu. Alipekua mpaka chai ikapoa. Hakuona bondia hata mmoja.

"Si afadhali, mama?" alisema binti yake, Mwanaisha. "Ngumi zenyewe ulikuwa huzipendi."

"Nilikuwa sizipendi," alisema Bi Stumai. "Lakini zilikuwa zinakuja kumuulizia baba yako. Sasa zimeshajua hayupo."