Nyuzi Zilizoinuliwa

Nelima alipogusa gitaa lake la besi, lile lisilo na vyuma shingoni, alijua kuna mtu ameziinua nyuzi mbali na shingo. Alibonyeza uzi mnene mpaka kidole kikauma, na bado haukugusa shingo vizuri; sauti ilitoka imefifia.

"Nani ameshika gitaa yangu?"

"Ni mimi," mumewe alijibu akiwa mlangoni. "Si bendi ya Kitale inakungoja kesho? Sasa utaenda kupiga nini? Kaa hapa Bungoma, mama watoto."

Akamwonyesha kispana cha kuzishushia, kisha akakitia mfukoni.

Nelima aliketi. Akabonyeza uzi ule mnene tena, kwa nguvu zake zote, hadi ngozi ya kidole ikapasuka. Safari hii sauti ilitoka safi.

"Wacha bana," mumewe alisema. "Utaumia."

Nelima akahamia uzi wa pili.