Chembe Nzito, Macho Mepesi

Hakuna azijuaye habari za chembe nzito kumshinda anayesimulia hapa, ambaye mpaka juzi alidhani ni mchanga kwenye mchele.

Mtafiti waliyemwita Bingwa, nusu kwa sifa nusu kwa kejeli, alikuwa amesimama ubaoni. Chini ya ardhi, mtambo ulikuwa umegonganisha protoni mwaka mzima. Kama humo ilizaliwa chembe mpya nzito, ingejitokeza kama kilima kwenye mchoro. Kila mmoja kundini alipewa nakala yake ya data, imefungwa kwa nywila. Hesabu kwanza, macho baadaye. Maana jicho lenye tamaa huona hata kisichokuwepo. Anayechungulia anafukuzwa.

Bingwa alibahatisha nywila, akachungulia. Kidogo tu, kama mtu anayefunua sufuria ya wenyewe. Akakuta kilima kimetuna! Ndipo akapika hesabu za kumfikisha palepale.

"Chembe ipo," alitangaza, "na uzito wake ni huu." Akauandika.

Shangazi yake, mkuu wa kundi, akavua miwani. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemtetea kila aliposengenywa kuwa ana macho mepesi ya kuchungulia. Leo alikuwa amtaje mrithi wa kiti chake.

"Uzito huohuo, au karibu na hapo?"

"Huohuo, shangazi. Hesabu haidanganyi."

"Na hukuchungulia, mwanangu?"

"Mimi? Haki ya Mungu, macho yangu yapofuke!"

"Yaache kwanza," mhandisi wa kundi akadakia, "utayahitaji kukiona kiti."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliweka nywila, nakala ya mhandisi ikafunguka ukutani: mchoro tambarare kama sakafu. Akafungua ya mtafiti wa pili. Tambarare. Ya tatu, vilevile. Hakukuwa na chembe, hakukuwa na chochote. Mwaka mzima wa kugonga hewa.

Kicheko kikakatika. Bingwa aliona kiti kinamponyoka, ulimi ukatangulia akili.

"Hizo zenu ni mbovu! Fungueni yangu, shangazi. Kwenye yangu kilima kipo!"

Chumba kizima kikageuka kumtazama.

"Najua kipo," shangazi akasema polepole. "Nilikichora mimi, kwenye nakala yako peke yake, niwazibe midomo wanaokusingizia."