Utulivu wa Fundi Radjabu

Radjabu alivuta mazutu kutoka tangi la pikapu kwa mpira, yakamjaa kinywani, akayatema vumbini.

"Maji haya," alisema. "Umenunua wapi?"

Shakuru, mwenye pikapu, aliinamisha kichwa. "Gatumba. Mafuta ya bidoni, yanavushwa mpakani kutoka Uvira. Ningepata wapi kwingine, ndugu yangu? Stesheni zote za mafuta zimekauka."

Ni kweli, zilikuwa zimekauka. Mtaa mzima wa Buyenzi magari yalikuwa yamelala kando ya barabara kama mbuzi wagonjwa. Pikapu ya Shakuru ndiyo pekee iliyokuwa na kitu tangini, nayo ikazimika hapo hapo, mbele ya nyumba yenye kilio. Maiti ilikwisha kuoshwa na kuvikwa sanda. Makaburi yako mbali, nje ya mji, na imamu alitaka wazike leo, mara baada ya Alasiri. Gari lisipowaka, maiti italala ndani, katika joto lile.

"Hii mi naiweza," alisema Cirimwami, Mkongomani aliyefanya kazi na Radjabu gereji moja. "We kaa kivulini, kaka."

"Apana. Lete spana ya kumi na saba."

Cirimwami hakubishana. Akaileta.

Zamani Radjabu alikuwa mtu wa kurusha spana. Aliwahi kuvunja kioo cha teksi kwa sababu mwenye gari alimuuliza mara ya pili, "Bado tu?" Damu yake ilipanda mpaka daktari mmoja huko Kamenge akamwambia waziwazi: ukiendelea hivi, mkeo atakuwa mjane. Dawa alikunywa. Lakini kilichomfaa zaidi alikipata kwa Cirimwami, naye alikuwa amefundishwa kambini, baada ya mafuriko ya Gatumba kumchukulia nyumba na usingizi pamoja.

"Kaa tu," Cirimwami alimwambia siku ile ya kwanza. "Fumba macho. Pumzi inaingia, ijue. Inatoka, ijue. Wazo likija, hilo ni mteja asiye na gari. Usimwinukie."

Radjabu akawa anakaa hivyo kila siku kabla ya kazi, juu ya tairi la lori. Mafundi walicheka mpaka wakachoka.

"Weee Radjabu, unaatamia mayai?" Shakuru alikuwa akimpigia kelele kutoka barabarani. "Yakianguliwa utugawie vifaranga!"

Yeye aliendelea kukaa. Baada ya muda usingizi ulikuja, damu ikashuka. Mwanne, mkewe, aliwaambia majirani kwamba nyumbani sasa watu wanakula huku wakizungumza. Wateja nao walianza kumletea magari yenye ugonjwa mgumu, maana mtu asiye na hasira huisikia injini inachosema.

Leo hakuna aliyemtania.

Alimwaga maji ya filta, akaifunga, akaanza kusukuma pampu ya mkono kwa kiganja. Pumzi ikaingia. Pumzi ikatoka. Alitafuta kifuani hasira ya kumtolea Shakuru, hakuikuta. Akatafuta kitu kingine chochote, hakukikuta. Palikuwa kama gereji siku ya Idi: pamefagiwa, hakuna mtu.

Mzee mmoja aliinuka kwenye viti vya plastiki vya waombolezaji, akaja akamwekea mkono begani, akauacha hapo kidogo, akarudi bila kuuliza habari ya gari. Wanawake wawili waliobeba sufuria walipomfikia wakapunguza hatua.

Kilio kikapanda ndani ya nyumba. Mkono wa Radjabu ukasimama juu ya pampu. Kisha ukaendelea.

"Washa."

Shakuru akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikachoka.

"Betri itakufa!"

"Acha kwanza."

Alilegeza nati za nozeli. Mazutu yakatoka kwa mapovu. Upepo ulikuwa bado umo. Msikitini wakaanza kuadhini Alasiri. Zamani hapo ndipo spana ingeruka. Yeye alifumba macho tu, amesimama, mikono juu ya injini, akakaa na pumzi yake. Shakuru alitaka kusema kitu. Cirimwami akamkanyaga mguu.

Radjabu akasukuma tena pampu, polepole, macho yamefumbwa. Ndipo akasikia sauti nyembamba chini ya filta, kama mtu anayefyonya. Akapeleka kidole. Mpira wa kupitisha mazutu ulikuwa umepasuka nchani.

Akaukata kwa kisu mahali pazima, akauchomeka, akaukaza kwa waya. Akasukuma mpaka pampu ikawa ngumu chini ya kiganja. Mazutu yakatoka bila povu. Akafunga nati.

"Washa. Mara moja tu."

Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika.

Hakuna aliyeshangilia. Wanaume wakainuka kwenye viti, wengine wakaingia ndani. Cirimwami akaja na ndoo na sabuni, akammiminia maji, halafu akaishika mikono ile yeye mwenyewe akaanza kuisugua, kidole kimoja kimoja.

"Inatosha," Radjabu alisema.

"Apana, kaka, haitoshi. Oli imeingia mpaka kwenye kucha."

Cirimwami alikuwa analia. Radjabu aliyatazama machozi yale kama mtu anayetazama gari asilopewa kutengeneza.

Shakuru akaja na kanzu nyeupe mkononi. Alitazama chini wakati wa kuitoa.

"Imamu anasema uvae hii," alisema. "Kaburini utashuka wewe. Mtoto wa kike hupokewa na baba yake."