Ukoo wa Kipindupindu

Hidaya aliutazama mti wa ukoo uliochorwa na kompyuta yake, akajishika mdomo. Haukuwa ukoo wa watu bali wa vijidudu vya kipindupindu, alivyokuwa akivitafiti kwa shahada yake ya uzamivu.

Nje, shangazi yake alikuwa akifoka. Mwaka ule Warundi walikuwa wamekimbilia Kigoma kwa maelfu, na kipindupindu kilipozuka, mtaa mzima wa Kasingirima ulisema wao ndio waliokileta. Shangazi, mwenye bomba la maji, alikuwa akiwafukuza waliokuja kuteka.

"Nendeni mkanywe ziwani!" alimwambia mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo mkononi.

Hidaya akatoka na kompyuta mikononi.

"Shangazi, tazama. Haya matawi membamba ni vijidudu vya wagonjwa wao. Yamechipuka kwenye hili nene, na hili ni la wagonjwa wa hapa kwetu, wa masika yaliyopita. Ugonjwa hawakuja nao. Wameupatia hapa, kwa kunywa hayo hayo maji ya ziwa."

Shangazi, aliyekuwa akifua, akaitoa mikono kwenye beseni la nguo.

"Masika yaliyopita si niliugua mimi?"

"Ndiyo, shangazi."

Akanyoosha kidole, akaligusa lile tawi nene. Povu la sabuni likabaki kwenye kioo, likawa linapasuka taratibu. Akamtazama yule mama, kisha mtoto, ambaye midomo yake ilikuwa imekauka.

"Zana indobo," alisema kwa Kiha, lugha ambayo Mrundi huielewa, akiinyooshea mkono ndoo ya mgeni ili aijaze.