Magunia ya Vioo vya Zahanati

Jumanne, tarehe tatu Juni, magunia ya vioo ya Ambwene yalitoweka nyuma ya ofisi ya kijiji, alikoyahifadhi.

Zahanati ya zamani ilipobomolewa pale Nkunga, watu waligombea mabati na mbao. Ambwene aliinama kuokota vioo vilivyopasuka, vidole vikimtoka damu. Wakamcheka. Yeye alijua anachotaka: fundi avitwange, avichanganye na saruji nyeupe, kisha asugue kwa jiwe mpaka sakafu ing'ae. Terazo. Alimwahidi mkewe Ikupa sakafu hiyo. Ikupa akafa akifagia vumbi.

Walimzika kwao Suma, kando ya mama yake, kama alivyoomba mwenyewe. Ambwene, aliyetaka azikwe kwake, akasusa. Tangu matanga hajakanyaga huko.

"Gwe Hezron! Vioo vyangu viko wapi?" alimuuliza mtendaji wa kijiji mlangoni pa ofisi.

"Shikamoo, mzee."

"Sitaki shikamoo. Nataka vioo."

Hezron alijipangusa saruji nyeupe kwenye suruali. "Suma umekwenda lini?"

"Usinizungushe! Naona unajenga. Mabati mmekula, mbao mmekula, sasa mnatafuna hata vioo. Midomo haiwatoki damu?"

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Hezron hakucheka.

Ambwene akaenda kata. Kata wakamrudisha kijijini. Kijijini wakamwambia njoo Alhamisi. Ndivyo walivyo hawa: maskini akiokota hata takataka, mkubwa ataona ni mali.

Siku ya mkutano wa kijiji alikuja na mtaimbo begani.

"Hata kama amevijengea sebuleni kwake, vichimbuliwe leo! Kuchimba nitachimba mwenyewe!"

Watu wakapiga makofi. Hezron alitazama chini, kisha akasema taratibu, "Twende, mzee."

Wakapanda bodaboda. Kwa Hezron wakapapita. Wakapita mashamba ya chai, wakateremka migombani, hadi uani kwa wakweze Ambwene, Suma. Shemeji zake walisimama pale, mikono yao myeupe kwa saruji.

Pale alipoacha tuta la udongo palikuwa na kaburi la terazo. Vipande vya vioo viling'aa humo, vyeupe na kijani, na jina la Ikupa kichwani.

Mtaimbo ukamlemea Ambwene begani.

"Vioo vyako ndivyo hivyo, mzee," Hezron alisema. "Tuanze kuvunja kichwani, au miguuni?"